Nyuma ya Kaunta, Mbele ya Msalaba Mweupe

Kazi yangu ni kuwauzia Uswisi watu wasio Waswisi. Duka liko Lucerne, pale mto Reuss unapotoka ziwani, karibu na daraja la mbao la Kapellbrücke ambalo kila mtalii lazima alipige picha. Tunauza vitu ambavyo kila mtu anavijua hata kama hajawahi kufika: visu vyekundu, kengele za ng'ombe, chokoleti, saa za ukutani zenye ndege anayechungulia, sumaku za friji zenye mlima Matterhorn, na msalaba mweupe juu ya chochote kinachoweza kupakwa rangi nyekundu.

Kabla ya kuolewa huku nilikuwa nauza Zanzibar, Mji Mkongwe, katika duka la mjomba wangu mtaa wa Gizenga. Mali ilikuwa vinyago vya Kimakonde, shanga za Kimasai na picha za Tingatinga. Mtalii akishika kinyago huuliza kama kimechongwa hapo hapo Unguja. Wamakonde kwao ni kusini, Newala huko na ng'ambo ya Ruvuma. Wamasai wamevuka bahari kufuata watalii kama sisi wengine. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960. Basi nilipoingia duka la Lucerne sikuwa na ushamba wa kuiamini rafu. Nilitaka tu kujua kila kitu kimetoka wapi, maana muuzaji asiyejua habari ya mali yake hufika mahali akaishiwa maneno.

Saa yenye ndege ndiyo inayoulizwa kuliko zote, na ndiyo yenye haki ndogo kuliko zote ya kukaa pale. Asili yake ni Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Nikiulizwa nasema ukweli. Mteja hunitazama, huitazama saa, kisha hununua.

Kisu kina habari tamu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Uswisi lilipotaka kisu cha askari, shehena ya kwanza ilibidi itengenezwe Solingen, Ujerumani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na karakana iliyoiweza kazi kubwa kiasi hicho. Fundi mmoja wa Schwyz, Karl Elsener, hakuridhika. Mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi visu vyake, vyenye mpini wa mbao nyeusi. Hiki chekundu tunachouza ni kingine, cha mwaka 1897. Kiliitwa kisu cha maofisa, lakini jeshi halikukigawa. Ofisa aliyekitaka alitoa fedha mfukoni mwake. Na waliokitangaza duniani kwa jina la kisu cha jeshi la Uswisi ni askari wa Kimarekani waliobaki Ulaya baada ya Vita vya Pili, ambao jina lake la Kijerumani liliwashinda kulitamka. Mimi huwa nawaonya wateja jambo moja tu, wasikitie kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Wanaitikia kwa kichwa. Sidhani kama wote wanasikia.

Wakitoka dukani wengi huelekea kwa simba. Ni simba anayekufa, amechongwa kwenye mwamba mwaka 1821 kuwakumbuka walinzi wa Kiswisi waliouawa Paris tarehe 10 Agosti 1792 wakiilinda ikulu ya Tuileries, ambayo mfalme mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha. Mchoro wake ni wa Bertel Thorvaldsen, Mdenmark. Mahali pale huwa nakaa muda kuliko ninavyokaa mbele ya mlima wowote. Leo ukitaja Uswisi watu husema nchi ya amani, isiyopigana na mtu. Lakini kwa karne kadhaa, kabla ya saa na benki, bidhaa ya nchi hii iliyosafiri sana ilikuwa vijana wake: watoto wa wakulima wa milimani waliokodishwa kupigana vita vya wafalme wa watu wengine. Waliobaki wa namna hiyo ni wale walinzi wa Papa, wanaovaa mistari kule Vatikani tangu 1506.

Mengi ya haya nimeyapata kwa mavyaa wangu. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa bonde la Emmental, na hana subira na mtu anayesema jambo bila kulitolea mwaka wake. Siku moja tukimenya viazi vya rösti, vile vya kukwaruzwa na kukaangwa, nikamuuliza, "Mama, huyu Wilhelm Tell alikuwapo au hakuwapo?"

"Kama alikuwapo hatujui," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini kwamba alimuua Gessler, hilo ni hakika."

Ni mzaha wao wa zamani, nikaja kuusikia tena kwa wengine. Hadithi yenyewe, kwa asiyeijua: Gessler, mtawala katili, aliweka kofia juu ya mti pale Altdorf, kila mpita njia aisujudie. Tell akapita bila kuinamisha shingo. Adhabu yake ikawa kulenga kwa upinde tufaha lililowekwa kichwani mwa mwanawe. Akalipasua, na baadaye mshale mwingine ukamfikia Gessler. Maandishi ya kwanza yanayojulikana ya kisa hiki yamo katika Kitabu Cheupe cha Sarnen cha miaka ya 1470 hivi, zaidi ya karne moja na nusu baada ya wakati kinapodaiwa kutokea. Mwaka 1760 mchungaji mmoja wa Bern, Uriel Freudenberger, alitoa kijitabu kusema kuwa kisa kimeazimwa kutoka Denmark, na watu wa Uri, jimbo la Tell, wakakichoma kijitabu hicho moto hadharani. Aliyempa Tell umaarufu wa dunia ni Mjerumani, Friedrich Schiller, kwa tamthilia yake ya mwaka 1804, na Schiller hakuwahi kutia mguu Uswisi.

Hata kwenye sarafu Tell hayupo. Faranga tano ina kichwa cha mwanamume aliyevaa vazi lenye kofia inayolala nyuma ya shingo, na wateja wangu, pamoja na Waswisi wengi, huamini ni yeye. Ni mchungaji wa ng'ombe tu wa Alps, hana jina, yumo kwenye sarafu hiyo tangu 1922. Kwenye faranga moja na mbili amesimama Helvetia, mwanamke mwenye mkuki na ngao, ambaye naye hakuzaliwa na mtu. Jina lake ndilo lililotoa zile herufi CH za nyuma ya magari: Confoederatio Helvetica, Kilatini. Nchi ina lugha nne za taifa, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromansh, wakaona heri kuchukua ya tano, ambayo hakuna kijiji kinachoizungumza, asione wivu yeyote.

Habari iliyonifungua macho hasa ni ya sikukuu ya taifa. Tarehe mosi Agosti milima yote huwashwa mioto, watoto hubeba taa za karatasi, na kila hotuba husema nchi ilizaliwa mwaka 1291 kwa mkataba wa majimbo matatu, Uri, Schwyz na Unterwalden. Mavyaa akanipeleka Altdorf kwenye sanamu ya Tell. Chini ya sanamu, iliyosimamishwa mwaka 1895, pamechongwa 1307. Nikahesabu tena. "Sasa mama, ni 1291 au 1307?" Akafurahi kama mwalimu aliyepata swali alilolingoja.

Kumbe kwa muda mrefu hesabu ya wazee ilikuwa 1307. Ile 1291 iliinuliwa na serikali ya shirikisho ilipotaka kufanya sherehe kubwa ya miaka 600, mwaka 1891. Na kwa nini ilihitaji sherehe? Kwa sababu Uswisi hii ya leo, yenye katiba moja na faranga moja, imeanza mwaka 1848, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Novemba 1847. Majimbo ya Kikatoliki, Lucerne yakiwemo na hayo matatu ya hadithi, yalipigwa na yale yaliyotaka shirikisho lenye nguvu, mengi yao ya Kiprotestanti. Vita vilikuwa vifupi na waliokufa hawakuwa wengi, ila kinyongo kilikaa miongo. Washindi wangeweza kusherehekea 1848, mwaka wao. Wakachagua kusherehekea malisho ya Rütli, kando ya ziwa, panaposimuliwa kuwa majimbo yale matatu yalikula kiapo, katika ardhi ya walioshindwa, na kusema huku ndiko tulikozaliwa sote. Desemba ya mwaka huo huo wa 1891 Josef Zemp, mtu wa Lucerne, akawa Mkatoliki mhafidhina wa kwanza kuingia katika baraza la watu saba linaloongoza nchi.

Mimi ni Mzanzibari. Najua nchi ambayo tarehe moja ni shangwe kwa jirani wa kulia na kilio kwa jirani wa kushoto. Ile busara ya kumpa aliyeshindwa heshima ya kuwa mzaliwa wa kwanza, mpaka sasa sijaimaliza kuitafakari. Wengine watasema ni historia ya kutungwa. Ndiyo, imetungwa. Lakini imetungwa kwa kusudi jema kuliko nyingi ninazozijua.

Fondue nayo ni hivyo hivyo. Mteja huamini mababu walikaa kuzunguka sufuria ya jibini tangu enzi. Jibini ya kuyeyushwa ilikuwapo sehemu za magharibi, lakini aliyeifanya chakula cha taifa zima ni chama cha wauza jibini, kilichokuwa na jibini nyingi isiyotoka, kikaanza kuitangaza kuanzia miaka ya 1930. Chama chenyewe kilivunjwa mwaka 1999, sufuria imebaki. Inapikwa kwa divai, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nakula mkate mtupu na kachumbari ya matango. Mavyaa akajaribu kwa maji ya tufaha. Wanawe walinuna. Sasa nyumbani kwake kuna sufuria mbili.

Nyumbani kwetu Uswisi ni habari nyingine kabisa. Kwanza wengi huichanganya na Uswidi. Wasioichanganya huijua kwa jambo moja, nalo ni fedha zilizofichwa. Mwaka 2012 Bunge la Tanzania lilijadili hoja ya Zitto Kabwe kuhusu mabilioni ya Watanzania katika benki za Uswisi, na tangu hapo mjomba kila akinipigia simu huuliza kama nimeshamfungulia akaunti. Siri ile ilitiwa nguvu na sheria ya benki ya mwaka 1934. Siku hizi benki hupeleka taarifa za wateja wa kigeni kwa nchi zilizofanya nazo makubaliano, jambo ambalo mavyaa hulizungumza kwa sauti ya mtu aliyetulizwa moyo. Mimi swali langu ni kwamba aliyeiba alianzia kwetu, lakini mzaha wa familia hupenda kusimama Zurich.

Rafiki yangu wa Ifakara hana picha hiyo hata kidogo. Kwao Mswisi ni mtawa wa hospitali na mtaalamu wa mbu, kwa sababu tangu 1957 pale pamekuwa na maabara iliyoanzishwa na Rudolf Geigy wa Basel, ambayo leo imekuwa taasisi kubwa ya utafiti wa malaria ya Watanzania wenyewe. Na kuna Uswisi nyingine ambayo kila mtu wa bandarini ameiona bila kujua: kontena zilizoandikwa MSC, zilizojaa Dar es Salaam, ni za kampuni yenye makao makuu Geneva, kubwa kuliko zote duniani kwa kubeba kontena. Nchi isiyo na hata pwani ya kuoshea miguu! Ina hata bendera yake ya baharini. Ya nchi kavu ni mraba kamili, ambayo kwa mataifa huru inashirikiana na Vatikani peke yake. Ya meli hurefushwa ifanane na za wenzake, na nyuma ya meli pameandikwa Basel.

Sasa hii sifa ya kufika kwa wakati. Ni kweli, lakini sababu yake si damu. Tangu mwaka 1982 treni za nchi nzima hufuata ratiba inayojirudia kila saa, na katika stesheni kubwa hupangwa zikutane kwa pamoja, zibadilishane abiria dakika chache, kisha zitawanyike. Moja ikichelewa inaharibu safari za nyingine. Mtu aliyekulia katika hesabu hiyo hujifunza kuwa dakika zake tatu ni mali ya watu wengine. Saa ya stesheni, ile nyeupe yenye mshale mwekundu wa sekunde, iliyobuniwa na Hans Hilfiker mwaka 1944 na kuongezwa mshale huo miaka ya 1950, hufanya kichekesho kidogo: mshale huzunguka haraka kuliko dakika, ukifika juu husimama ungoje ishara, ndipo uendelee. Tunaiuza. Na kaka yangu alipokuja kututembelea alisimama stesheni akiitazama mpaka treni yake ikaondoka.

Wanasemwa kuwa baridi. Hapo mimi nabisha. Ukiingia chumba cha kungojea daktari humu, kila mtu humsalimia aliyekuwamo, Grüezi mitenand, na wote huitikia, hasa kama sisi tunavyotoa salamu mlangoni. Njiani milimani mgeni humsalimia mgeni. Baridi inakuja baadaye, katika kualikwa: wataweka miadi ya wiki tatu mbele kwa kikombe cha kahawa. Ila siku wakikualika wamekualika kweli. Wao kwa wao wana kashfa zao. Mtu wa Bern ni mzito, mume wangu anakiri, anahitaji kuisubiri sentensi imfikie. Mtu wa Zurich anajisikia. Wanaozungumza Kifaransa hawana haraka ya kazi, na mpaka baina yao na wa Kijerumani unaitwa handaki la rösti. Kila upande una hakika kuwa upande wa pili ndio ulioharibu kura ya juzi.

Na kama kuna jambo takatifu, halimo dukani kwetu. Ni ratiba ya chumba cha kufulia. Jengo lina mashine zake chini, kila nyumba ina siku yake, na aliyeacha nyuzi kwenye chujio la kikaushio ataandikiwa karatasi ya adabu sana ambayo kila neno lake ni kofi. Jumapili hupeleki chupa kwenye pipa la vioo, maana zinalia. Mtu anaweza kukuchekea ukimwambia Tell hakuwapo. Mguse siku yake ya kufua uone.

Watu wa nyumbani huniuliza kama siudhiki, Muislamu kuuza msalaba. Wa kwenye bendera haunisumbui. Ni alama ya vita vya zamani, na ukigeuza rangi zake unapata ile ya Msalaba Mwekundu, ya Geneva ya mwaka 1864, ambayo Waosmani waliiwekea mwezi mwekundu kando miaka ya 1870 na kazi ikaendelea. Kilichoniuma ni kura ya Novemba 2009, asilimia 57.5 waliposema misikiti isijengewe minara tena. Wakati huo minara nchi nzima ilikuwa minne. Ajabu ni kuwa Zanzibar misikiti mingi ya zamani haina mnara kabisa, na ule wa Malindi unao, ndio maana ukaitwa Bamnara. Mnara haunihusu sana katika sala zangu. Lakini kuandikiwa katiba kwa ajili ya minara minne ni kuambiwa jambo. Mavyaa alipiga kura ya hapana, na aliniambia hivyo kabla sijauliza.

Na huku nyuma timu ya taifa inabebwa na watoto wa wahamiaji. Juni 2018, Granit Xhaka na Xherdan Shaqiri, wenye asili ya Waalbania wa Kosovo, waliifunga Serbia wakiwa na msalaba kifuani, wakashangilia kwa kukunja mikono kama tai wa Albania. Nchi ikabishana wiki nzima: mabao ni yetu, tai ni wa nani? Jezi ya Shaqiri niliiuza sana msimu ule.

Mwaka huu najaza karatasi za uraia. Kwa mke wa Mswisi njia ni nyepesi, sipigiwi kura na mkutano wa kijiji kama wanavyopigiwa wengine. Mavyaa hunifundisha majimbo 26 tukikunja nguo, siku yake ya kufua. Alinisimulia kisa cha Gipf-Oberfrick, jimbo la Aargau, ambako mwanamke mzaliwa wa Uholanzi, aliyeishi huku tangu utotoni na kusema lahaja yao kama wao, alikataliwa mara mbili na wanakijiji. Kosa lake kubwa lilikuwa kufanya kampeni kuwa kengele zinawaumiza ng'ombe. Mwaka 2017 ngazi ya jimbo ikampa uraia wake. Mavyaa akasema mwanamke yule alikuwa Mswisi kuliko wao wote, maana kumlalamikia jirani kwa kelele ndiyo tabia yenyewe. Kengele ninaziuza kila siku, za shaba na za bati, na nina maoni yangu kuhusu uzito wa zile kubwa kwenye shingo ya mnyama. Nitayatoa baada ya pasipoti.